Namna ya kufuma nadharia ya mashabiki isiyofumuka

Nadharia ya mashabiki ni maelezo ambayo wapenzi wa kitabu au filamu huyatunga kuziba mahali palipoachwa wazi, na ni mchezo wenye kanuni zake. Daktari John Watson, rafiki wa mpelelezi wa kubuni Sherlock Holmes, alipigwa risasi ya bega vitani Afghanistan. Ndivyo inavyosema riwaya ya kwanza, ya mwaka 1887. Katika riwaya ya pili, ya 1890, jeraha limehamia mguuni. Halafu katika hadithi fupi ya 1891 mkewe anamwita James, ilhali jina lake ni John. Mtu wa kawaida atasema mwandishi alisahau. Atakuwa sahihi, na mchezo utakuwa umekwisha kabla haujaanza.

Dorothy Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, hakulitaka jibu hilo. Aliliangalia jina kamili, John H. Watson, akajiuliza ile H ni ya nini, akajibu: Hamish, umbo la Kiskoti la James. Basi mke hakukosea. Alikuwa akimwita mumewe kwa jina lake la pili, la ndani ya nyumba.

Nadharia imekamilika hapo. Imeanza na ufa uliomo ndani ya maandishi, imeutumia ushahidi uliokuwepo tayari (herufi moja tu!), na haikuongeza kitu ambacho maandishi yanakikataa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwananadharia yeye anautafuta ufa kusudi apate kisa cha kujenga ukuta wote.

Ufa kwanza, wazo baadaye

Wengi huanza kinyume. Wanatamani shujaa wa filamu hii awe mjukuu wa shujaa wa ile, kisha wanaokota ushahidi wa kuegemeza. Hiyo ni hamu, na hamu haimshawishi mtu asiye nayo. Ufa ni kitu ambacho hata mpinzani wako atakiona ukimwonyesha kwa kidole: tarehe zinazogongana, mhusika anayejua jambo ambalo hakuna aliyemwambia, mlango unaofunguka mahali ambapo hapakuwa na chumba, au mwisho unaobadilisha yote yaliyotangulia.

Tazama au soma kazi yako mara mbili. Mara ya kwanza usiandike chochote, furahia tu. Mara ya pili kaa na daftari lenye safu nne: jambo lenyewe, mahali lilipo (sura na ukurasa, au msimu, sehemu na dakika), nguvu yake kwa alama 3, 2 au 1, na pingamizi. Safu ya nne ndiyo watu huiacha tupu, na ndiyo itakayokuokoa. Jambo lisiloweza kuandikiwa ukurasa au dakika lifute, maana kumbukumbu huongeza chumvi.

Tahadhari moja kwa watazamaji wa huku kwetu: kama filamu uliiona kwenye kibanda cha video, ikiwa imetiwa maneno na DJ, usichukue hata neno moja kama ushahidi mpaka umelisikia kwenye sauti ya awali. Watafsiri hao ni wasanii kwa haki yao. Huwapa wahusika majina mapya, huwapachikia undugu, na hujaza ukimya kwa utani wao. Nadharia iliyosimama juu ya maneno ya DJ ni nadharia kumhusu DJ, nayo si mbaya, ila iite kwa jina lake.

Kuunganisha ulimwengu mmoja na mwingine

Nadharia nyingine hudai kwamba kazi mbili zimo katika ulimwengu mmoja, na kila jambo linaloziunganisha tunaliita kiungo. Alama 3 mpe mhusika anayetoka kazi moja na kuingia nyingine akiwa yule yule, jina lile, historia ile. Mfano mashuhuri ni mpelelezi John Munch wa televisheni ya Marekani, aliyechezwa na Richard Belzer. Alianzia kwenye Homicide: Life on the Street mwaka 1993, akaonekana ndani ya The X-Files mwaka 1997, kisha akahamia kabisa Law & Order: Special Victims Unit. Alama 2 ni mahali, kampuni au tukio la kubuni linalotajwa kwa maelezo yanayolingana. Alama 1 ni vitu vya kuonekana kwa mbali: namba, rangi, pakiti mezani.

Hizi za alama 1 ndizo huwadanganya wengi. Sigara za Morley, ambazo hazipo dukani, zimeonekana katika filamu na vipindi vingi mno. Sababu ni ya kikazi: pakiti bandia za aina hiyo huchapishwa na watengenezaji wa vifaa vya kuigizia, na yeyote anayeogopa kutumia nembo ya kweli huzichukua. Namba A113 nayo imejaa katika katuni za studio ya Pixar na nyinginezo. Hicho ni chumba cha darasa katika chuo cha CalArts, California, walimosoma wachoraji wengi wa katuni hizo, nao huichomeka kama salamu kwa wenzao. Haithibitishi kwamba samaki wa katuni moja na roboti wa nyingine wanaishi dunia moja.

Kuna na hesabu. Ukilinganisha kazi 20, mbili mbili, unapata jozi 190. Katika jozi 190 mfanano wa bahati lazima utokee, kama vile katika chumba chenye watu 23 tu uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unavuka nusu. Kwa hiyo usijivunie kupata mfanano mmoja.

Mnyororo nao hudhoofika kadiri unavyorefuka. Tuseme kila kiungo kinashawishi kwa asilimia 80, ambacho ni kiwango kizuri. Viungo viwili vinakupa 64, vinne vinakupa 41, na ukifika kumi umebaki na 11. Bora viungo vitatu vya alama 3 kuliko kumi na viwili vya kila namna. Kanuni tunayoitumia: usivuke viungo vinne kati ya ulimwengu wako wa kwanza na wa mwisho, na kusiwe na zaidi ya kimoja cha alama 1.

Mtoto na tufe la kioo

Nadharia kubwa kuliko zote za aina hii inatoka kwenye tamthilia ya hospitali iitwayo St. Elsewhere, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha Marekani, NBC, kuanzia 1982. Katika tukio la mwisho, Mei 1988, daktari tuliyemzoea anaonekana ni fundi wa ujenzi anayerudi nyumbani. Mwanawe Tommy Westphall, mtoto mwenye usonji, ameshika tufe la kioo lenye theluji bandia. Ndani yake mna jengo la hospitali. Kumbe miaka yote sita ilikuwa kichwani mwa mtoto.

Ufa huo ni halali, umefunguliwa na watunzi wenyewe. Mashabiki wakaongeza: madaktari wa hospitali ile waliwahi kwenda kwenye baa ya Cheers, ambayo ni ya tamthilia nyingine yenye jina hilo hilo, kwa hiyo Cheers imo kichwani mwa Tommy, na tamthilia ya Frasier iliyozaliwa na Cheers pia. Daktari mwingine alitokea ndani ya Homicide, na Homicide ina Munch, na Munch kama tulivyoona ni mtu wa miguu mirefu. Baada ya hapo sehemu kubwa ya televisheni ya Marekani ikawa ndoto ya mtoto mmoja.

Ni tamu, lakini angalia inapovuja. Kuota kwamba uko Mombasa hakuufanyi mji wa Mombasa kuwa wa ndoto. Tommy anaweza kabisa kuwaota watu halisi wakinywa kwenye baa halisi. Kiungo kinathibitisha kwamba pande mbili zinajuana. Hakithibitishi kwamba upande mmoja umeuumba mwingine. Kila unapoandika «kwa hiyo», uliza mshale unaelekea wapi. Kosa hili limeua nadharia nyingi kuliko ukosefu wa ushahidi.

Kuingiza swali la kuwepo

Swali la kuwepo ni lile linalouliza kama ulimwengu ni wa kweli na sisi ni nani ndani yake. Hapa ndipo nadharia hupata uzito au huanguka kwa kishindo. Rahisi kabisa ni kusema «yote ilikuwa ndoto» au «wote wamo ndani ya kompyuta». Usifanye hivyo isipokuwa ufa wako unadai. Dai linaloeleza kila kitu kwa mkupuo mmoja halielezi kwa nini mambo yako hivi na si vile. Hata Nick Bostrom, mwanafalsafa aliyeandika mwaka 2003 kuhusu uwezekano wa sisi kuishi ndani ya ulimwengu ulioigizwa na kompyuta, hakudai kwamba tumo. Aliweka njia tatu: viumbe hutoweka kabla ya kufikia uwezo huo, au huufikia wasiutumie, au sisi tumo karibu kwa hakika. Swali lenye njia tatu humpa msomaji mahali pa kusimama na kubisha.

Chukua swali moja tu, na lizaliwe na ufa wenyewe. Mfano tuufume kwa uzi wa nyumbani. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria kadogo ndani: «Imezaa.» Jirani anapokea kwa furaha. Anaazima tena, safari hii hairudi: «Imekufa.» Jirani anamshitaki kwa kadhi, na huyo jirani anaulizwa: uliamini imezaa, mbona huamini imekufa?

Ufa: kisa hiki hiki Waturuki wanakisimulia juu ya Hodja Nasreddin, na Waarabu juu ya Juha. Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Nasreddin husemwa aliishi Akşehir, Uturuki, karne ya 13. Jibu la kawaida ni kwamba hadithi husafiri na wafanyabiashara, na pwani yetu ilipokea nyingi kwa majahazi. Liandike jibu hilo kwenye safu ya nne, kisha cheza.

Nadharia: ni mtu mmoja. Kila sufuria «inapokufa», mwenye kuiazima anapata maisha mengine katika mji mwingine kwa jina lingine, na jirani ndiye anayelipa bila kujua. Viungo: kisa kile kile, hoja ile ile mbele ya hakimu, mhusika mwenye tabia ile ile. Na kuna ziada nzuri: kaburi la Nasreddin huko Akşehir linajulikana kwa kufuli lake kubwa mlangoni wakati pande nyingine ziko wazi. Kaburi la mtu anayeweza kutoka! Kwa ukali wa daftari letu hiyo ni alama 2, kwa sababu kufuli lina utani wake wenyewe bila kutuhitaji sisi.

Swali la kuwepo limeshakaa ndani, halikuletwa kwa nguvu. Jirani alipokea kuzaliwa kama faida na hakuuliza. Je, sisi tuliopokea kasufuria kadogo bila kuuliza, tuna haki ya kwenda kwa kadhi ile kubwa isiporudi?

Kabla ya kuitoa nje

Andika jambo moja ambalo likipatikana nadharia yako imekufa. Kwa Abunuwasi: kisa kimoja cha zamani ambamo yeye na Juha wanakutana uso kwa uso. Ukishindwa kabisa kufikiria jambo la namna hiyo, ulichonacho ni imani.

Mwandishi akikana, usimbishie. Douglas Adams, mwandishi wa riwaya za kuchekesha, aliweka 42 kuwa jibu la maisha na ulimwengu, na swali lake likatokea kuwa sita mara tisa ni ngapi, ambayo kwa kawaida ni 54. Mashabiki wakagundua kwamba ukihesabu kwa mafungu ya 13 badala ya 10, 54 huandikwa 42: mafungu manne na mbili juu. Hesabu ni sahihi kabisa. Adams akajibu kwamba yeye hatungi vichekesho kwa mafungu ya 13. Hapo unabaki na njia moja ya heshima: sema «maandishi yanaruhusu», usiseme «mwandishi alikusudia».

Iandike kwa maneno yasiyozidi 600, ufa ukiwa katika aya ya kwanza pamoja na ukurasa au dakika yake. Onya juu kabisa kama unafichua mwisho. Pingamizi kubwa kuliko yote liweke katikati, ulitaje wewe mwenyewe kabla msomaji hajalitaja. Na usicheke popote ndani ya maandishi. Sayers alishauri mchezo huu uchezwe kwa uzito wa mechi ya kriketi uwanjani Lord's. Kwetu labda tuseme kwa uzito wa wazee wakiwa kwenye bao, ambapo hakuna anayetabasamu mpaka kete ya mwisho iwe imeliwa.