Jinsi ya kushika, kusoma na kutunza barua za babu aliyefungwa wakati wa Emajensi

Kama babu au shosho yako alitiwa kizuizini miaka ya Hali ya Hatari hapa Kenya, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipopambana na Mau Mau, ile wazee wanaita Emajensi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mahali fulani pale nyumbani kuna barua, ndani ya Biblia, kwenye kopo la biskuti, au kwenye sanduku la mbao ambalo hakuna mtu hulifungua, na siku moja utakabidhiwa wewe kwa sababu eti wewe ndio unajua mambo ya kompyuta. Ukishazipokea, cha kwanza usipange kitu. Piga picha bunda lote lilivyo, kamba ikiwa bado imefungwa, halafu fungua moja moja huku ukipiga picha ya kila hatua, maana aliyezifunga hivyo alikuwa na sababu yake, na ukishazichanganya meza nzima hiyo sababu haitarudi.

Mikono iwe misafi na mikavu, hiyo inatosha, glavu si lazima na mara nyingine ndizo zinararua karatasi. Pini zilizoshika kutu zitoe polepole. Selotepu hapana. Laminesheni hapana kabisa, najua kuna duka kila kona la kulamineti vyeti lakini barua ya 1955 ukiipitisha kwenye ile mashine moto umeshaiua. Zikunjue zilale, uweke kila barua na bahasha yake kwenye folda ya karatasi (karatasi isiyo na asidi ukiipata, usipoipata hata nyeupe safi ni afadhali kuliko ile mifuko ya plastiki), mbali na jua, na mbali na mchwa na mende. Chochote unachotaka kuandika juu yake andika kwa penseli, pembeni, kidogo.

Picha za simu zinatosha kwa kuanza. Karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, simu ikae sambamba na karatasi, mbele na nyuma, na bahasha mbele na nyuma pia. Faili lipe jina la kueleweka, mwaka-mwezi-siku, nani kwa nani, ukurasa. Usitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida maana inapunguzwa ubora, itume kama dokumenti.

Sasa tarehe, na hapa ndio kuna kazi tamu. Barua nyingi hazina tarehe au zina tarehe bila mwaka, kwa hiyo unakuwa mpelelezi. Angalia muhuri wa posta kwanza. Stempu ikiwa na kichwa cha Mfalme George hiyo inaelekea kuwa ya mapema, kwa sababu stempu za kawaida za Malkia Elizabeth zilianza kutoka 1954, ingawa za zamani zilibaki kwenye madroo ya watu kwa hiyo usiape. Angalia jina la kambi. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ule msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954 ndio uliojaza kambi za Manyani, Mackinnon Road na Lang'ata, wanawake wengi wakapelekwa Kamiti, na mtu akionekana "ameanza kusikia", yaani amekubali kushirikiana na serikali, alisukumwa kambi nyingine karibu na kwao, kwa hiyo kambi zikibadilika kwenye barua unaona safari yake yote. Ukikuta Galole usifikiri ni mahali pengine. Ni kambi ya Hola hiyohiyo, serikali iliibadilisha jina baada ya wafungwa 11 kupigwa hadi kufa pale tarehe 3 Machi 1959, maana yake barua inayosema Galole imeandikwa baada ya hapo. Anwani ya nyumbani nayo inasema mengi, kwa sababu kuanzia 1954 watu kama milioni moja walitolewa kwenye mashamba yao wakarundikwa kwenye vijiji kama 800 vyenye mitaro na seng'enge, kwa hiyo ukiona barua za mama zimeacha kutaja ridge yao (mgongo wa kilima walikokuwa wakiishi) zimeanza kutaja kijiji, umeshajua ni kipindi gani.

Kusoma kwenyewe. Chapa maneno yalivyo, na makosa yake ya tahajia, usimsahihishe marehemu, na mahali pasiposomeka andika "haisomeki" kwenye mabano usonge mbele. Kama ni Kikuyu cha zamani na wewe ni mtoto wa mtaa wa Umoja, Nairobi, tafuta mzee, usibahatishe.

Halafu kumbuka kulikuwa na mtu wa tatu anasoma, yule mkaguzi wa barua. Aliyeandika na aliyeandikiwa wote walijua. Ndiyo maana ukiona "mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu mlio mbali" usikimbilie kuandika kwenye historia ya familia kwamba babu alitendewa vizuri, hiyo ni salamu tu, ilikuwa mwanzo wa kila barua ya Kiswahili na hata mtu aliyevunjwa mbavu angeianza hivyo. Tafuta yanayorudiarudia bila sababu. Mtu anauliza habari ya ng'ombe fulani mara nne mfululizo, na nyumbani hakukuwa na ng'ombe? Uliza wazee huyo ng'ombe alikuwa nani.

Mfano mzuri wa barua za kukaguliwa hivi ni Mandela wa Afrika Kusini, kwa sababu barua zake zimehifadhiwa vizuri. Mwanzoni kule gereza la Robben Island aliruhusiwa barua moja kila miezi sita, maneno 500, mambo ya familia tu. Mama yake akafa Septemba 1968, mwanawe Thembi akafa kwa ajali ya gari Julai 1969, mazishi yote mawili akakatazwa kwenda, na katikati ya hayo mkewe Winnie naye akawa amekamatwa Mei 1969 akakaa ndani siku 491, watoto wa kike wakabaki bila baba wala mama nyumbani. Barua nyingi hazikufika. Na kwa sababu alijua haziendi alikuwa ananakili kwenye daftari la jalada gumu kabla ya kuzitoa, madaftari hayo yakachukuliwa, mawili yakarudishwa 2004 na afisa mstaafu wa usalama aliyekuwa amekaa nayo. Kwa hiyo ukikuta kwenye sanduku daftari lenye barua zinazofanana na nyingine usilitupe kama kopi, linganisha mstari kwa mstari, tofauti kati ya alichotaka kusema na kilichofika ndiyo utamu wenyewe.

Na hapa niseme kitu ambacho naona familia nyingi wanakosea, wanatenga "barua za babu" wanaweka kwenye fremu, na za shosho wanaacha kwenye kopo. Barua zilikuwa mazungumzo. Bila upande wa nyumbani huelewi anajibu nini, na mara nyingi wa nyumbani ndiye aliyekuwa na vita kubwa zaidi, kuchimba mtaro kwa lazima, kafyu, karo, njaa. Kama majibu yake yalibaki kambini yakapotea, mtafute kwenye karatasi za babu hizohizo. Sisi upande wa mama, nyuma ya bahasha moja kutoka Manyani kuna hesabu za penseli kwa mwandiko wa shosho: chumvi, karo ya mtoto wa pili, mbuzi mmoja ameuzwa, na chini amekata mstari mara mbili. Hiyo ndiyo barua yake. Ipe namba yake kwenye orodha, usiiandike "maandishi mengine".

Kitu kingine, ardhi. Wakati maelfu ya wanaume wako kizuizini ndipo mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoanza kuunganisha vipande vya mashamba na kuyaandikisha, na aliyekuwepo kijijini, hasa homugadi (askari wa kijiji upande wa serikali) na jamaa zake, ndiye aliyeonyesha mpaka. Kwa hiyo barua inayosema "mwambie kaka yako asikubali mpaka upite mtoni" si ya mapenzi tu, ni ushahidi. Ikiwa kuna kesi ya shamba kwenye ukoo, mpe wakili kopi iliyothibitishwa, orijino ibaki nyumbani au benki, na usiiweke Facebook kwanza. Majina ya waliosaliti pia yamo humo, na wajukuu zao ndio majirani zako mnaokaa nao kwenye chama kimoja, kwa hiyo kaa na ukoo mkubaliane ni zipi zinatoka na zipi zinasubiri.

Ukimaliza orodha nenda Kenya National Archives pale Moi Avenue, Nairobi. Tafuta kwa majina ya wakati ule, Fort Hall badala ya Murang'a, Thomson's Falls badala ya Nyahururu, na tahajia yoyote ambayo karani mzungu angeweza kubuni ya jina la babu, pamoja na ile ya "s/o" (son of, mwana wa) na jina la baba yake. Namba yake ya kizuizini ikiwa imeandikwa popote kwenye barua, hiyo ni dhahabu. Kuna na zile faili ambazo Waingereza walizibeba wakaficha Hanslope Park kule Uingereza mpaka zikajulikana 2011 kwa sababu ya kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, ile iliyoishia 2013 kwa pauni milioni 19.9, fidia ya watu 5,228 pamoja na gharama za kesi. Sasa ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, kwenye kundi linaloitwa FCO 141, orodha yake inasomeka kwenye mtandao bure, na kama una binamu anaishi kule mpe majina na namba aende akapige picha. Zilizomo ni za kiofisi zaidi, usitarajie bahasha ya shosho, lakini tarehe za kambi unaweza kuzithibitisha hapo.

Picha zako zikae sehemu tatu, kwenye fleshi, kwenye akaunti ya mtandaoni, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine ambaye hamjakosana naye.