Kukagua ghala la mawese: mkaguzi wa ndani aanzie wapi

Ukiajiriwa kuwa mkaguzi wa ndani kwenye kampuni inayonunua mawese hapa Kigoma, wiki ya kwanza tu utaombwa usaini vocha za malipo "ili mambo yaende". Kataa. Ukisaini leo, mwisho wa mwezi utakuwa unakagua saini yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Dai hati ya ukaguzi
Ni kurasa chache zilizopitishwa na bodi: unaingia wapi, unaona nyaraka zipi, unaripoti kwa nani. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika Januari 2025 vinataka ripoti zako zifike kwa bodi. Likizo na posho, sawa, ziende kwa mkurugenzi. Ila ukiwekwa chini ya mhasibu mkuu, utamkaguaje?

Hatua ya 2: Chagua pa kuanzia
Pesa inaweza kuvujia wapi? Kwetu ni fedha taslimu anazobeba mnunuzi kwenda vijijini, mzani, na ghala. Kalamu na karatasi zitasubiri.

Hatua ya 3: Fuata mzigo mmoja
Anza na stakabadhi ya mnunuzi, nenda hati ya kupokelea mzigo, leja ya ghala, mpaka ankara ya mteja. Ukikuta mtu yuleyule kanunua, kapokea na kaandika leja, piga kambi hapo.

Hatua ya 4: Hesabu, lakini nenda na mzani
Mwaka wangu wa kwanza nilihesabu madumu, nikafungua vifuniko, nikaona wekundu umefika shingoni, nikaweka tiki. Mteja akarudisha mzigo: chini kulikuwa na maji. Mawese ni mepesi, yanaelea. Ukichungulia utaona mafuta matupu. Lita 20 za maji ni kilo 20, za mawese ni kama kilo 18. Madumu yenyewe hayalingani, kwa hiyo jaza moja kwa mkono wako mawese safi, lipime, liwe kipimo chako. Linalozidi uzito huo, limimine kwenye ndoo mpaka tone la mwisho.

Usitangaze siku ya kwenda. Lakini mtunza ghala awepo, na asaini karatasi ya hesabu palepale. La sivyo kesho atasema maji umetia wewe.

Hatua ya 5: Andika hoja
Hoja ni kasoro uliyoibaini, na huandikwa hivi: hali uliyoikuta, utaratibu unavyotaka, chanzo, athari, kisha pendekezo. Wengi huchemka kwenye chanzo. "Mtunza ghala mzembe" si chanzo. Sisi tulikuwa tunamlipa mnunuzi kwa idadi ya madumu. Hakuna aliyewahi kupima kilo. Kabla ya kupeleka ripoti, wape wahusika waisome na kujibu.

Hatua ya 6: Rudi
Miezi mitatu baadaye nenda ukaone kwa macho. Mimi niliambiwa sasa kila dumu linapimwa. Mzani nikaukuta kweli, mezani, umefutwa vumbi. Betri zake zilikuwa kwenye redio ya mlinzi. Hoja sikuifunga.