Chumvi haiharakishi maji kuchemka

Jikoni hakosekani wa kukwambia, "Tia chumvi, maji yachemke upesi." Nami niliamini hivyo miaka mingi, maana ukirusha chumvi kwenye maji yaliyokaribia kuchemka, yanafoka papo hapo. Kumbe ni viputo tu: mvuke unapata pa kuanzia kwenye zile chembe. Sekunde chache, maji yametulia tena.

Ukweli uko kinyume. Chumvi hupandisha joto la kuchemkia, ila kidogo mno. Kijiko cha chai, kama gramu 6, kwenye lita 1 ya maji huongeza takriban nyuzi 0.1. Ukitaka nyuzi 1 nzima, tia gramu 58 hivi, na wali huo hata paka hataugusa.

Chenye nguvu hasa ni mwinuko. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, ni kama 94. Ndiyo maana maharage yale yale huchelewa kuiva huko bara, na mpishi hana kosa.

Basi chumvi iwe ya ladha, na uitie maji yakishachemka, kidogo kidogo yasije yakafurika. Ukiitia yakiwa baridi, chembe hulala chini, na sufuria ya chuma kisichoshika kutu huweza kubaki na vidoa ambavyo hata steelwire haivitoi. Na kama shida yako ni mkaa, funika sufuria.