Jinsi ya kuomba mashindano na maonyesho ya sanaa ukiwa Bagamoyo: faili kwanza, tangazo baadae

Wasanii wa Bagamoyo kazi tunazo, hilo halina ubishi, tembea tu kutoka Mji Mkongwe mpaka kule TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) uone wachoraji, wachongaji, mafundi wa milango, kina mama wa ukili. Lakini tangazo la shindano au maonyesho likitoka wanaopata nafasi wengi ni wa Dar, na ukichunguza sababu wala sio kipaji. Tangazo linatupiwa kwenye grupu la WhatsApp zimebaki siku nne, mtu hana picha za maana za kazi zake, hana wasifu, hana maelezo, anaanza kukimbizana na mtu wa steshenari amchapie, umeme nao unakatika, siku zimeisha. Kwa hiyo mimi nasema hivi, faili lako liandae sasa hivi wakati hakuna tangazo lolote, likitoka unabadilisha vitu viwili vitatu unatuma.

Kwanza ujue pa kuchungulia. Hapa nyumbani ni TaSUBa, hiki chuo kilianza 1981 na tamasha lake la kimataifa la sanaa na utamaduni lipo tangu 1982, miaka ya karibuni limekuwa likiangukia Oktoba au Novemba. Watu wengi wanalijua kama tamasha la ngoma na muziki tu, wakati kuna nafasi za kuonyesha na kuuza kazi za mikono, na taratibu za kushiriki zinatolewa mapema, sio wiki ya tamasha. Pita ofisini kwao uulize kuanzia katikati ya mwaka, mguu wako una nguvu kuliko kusubiri kuforwadiwa. Dar kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, ipo tangu 2008 na hutoa nafasi za studio, mafunzo na maonyesho, halafu Alliance Française na Goethe-Institut, vile vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, nao huwa na maonyesho. Fuata kurasa zao zote Instagramu na uwashe kengele. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, pia fuatilia. Kuna na ule Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ila huo unatoa mikopo, mkopo unarudishwa, usichanganye na ruzuku ukaja kushangaa unadaiwa.

Na hapo ndio pa kuelewa kabla ya kujaza chochote, tangazo linaitisha nini hasa? Shindano maana yake wanachagua mshindi na kuna zawadi. Wito wa maonyesho wanachagua kazi za kuning'iniza, hela inakuja ikiuzwa tu. Ruzuku wanakupa hela ufanye mradi, kwa hiyo wanataka bajeti na mpango wa kazi. Kisha zile nafasi za kwenda kukaa sehemu mwezi au miezi ukifanya kazi na wasanii wengine, hizo wanaangalia zaidi unataka kujifunza nini na utaacha nini. Mtu anatuma faili lile lile kwa zote nne halafu anasema wanapendeleana. Jamani, soma tangazo lote mpaka mwisho, na kama ni la Kiingereza na kinakusumbua tafuta mtu akusomee kila mstari, usikubali akufupishie.

Tuje kwenye picha, hapa ndipo watu wengi wanakwama. Jaji haoni mchoro wako, anaona picha ya mchoro wako, tena kwenye kompyuta, anapitisha mamia. Picha ikiwa na kivuli cha mkono wako na nusu ya kiti cha plastiki kwa nyuma kazi yako imeshakufa hapo hapo. Huhitaji kamera ya gharama, simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, hiyo inatosha hata kuchapwa kitabuni kwa upana wa sentimita 33 hivi. Tatizo ni mwanga. Usipige juani na usiwashe flashi, hasa sisi tunaochora kwa rangi za mafuta za kung'aa, flashi inaacha doa jeupe katikati ya twiga. Toa mchoro nje kwenye kivuli cha wazi, asubuhi saa tatu au jioni saa kumi, uuegemeze wima kwenye ukuta mweupe au wa kijivu, maana ukuta wa kijani utamwaga ukijani wake kwenye rangi zako zote. Simu iwe usawa wa katikati ya mchoro, isiinamie wala isitazame juu, rudi nyuma hatua mbili maana ukikaribia sana kingo zinapinda, futa lenzi na kitambaa (mikono yetu ina rangi na mafuta muda wote), piga nyingi, kisha ukate pembeni ibaki kazi tupu bila ukuta.

Wachongaji na watu wa ukili nyie mnahitaji picha tatu kwa kila kazi, mbele, ubavuni na moja ya karibu inayoonyesha mkono wako ulivyopita, yaani ile mishipa ya mpingo au msuko wenyewe. Nyuma weka shuka la rangi moja. Usiweke kitenge wala kanga, nakuomba, jicho linaenda kwenye maua ya kanga. Fundi wa milango ambaye kazi yake ipo tayari kwenye nyumba ya mtu, apige mlango ukiwa umefungwa kisha na moja mtu akiwa amesimama mlangoni ili ukubwa uonekane, na amwombe ruhusa mwenye nyumba.

Ukimaliza usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida halafu ukaidaunilodi tena ndio uipeleke kwenye shindano. WhatsApp inaibana, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600 tu na huo ubora ukishaondoka haurudi. Itume kama dokumenti, au iweke Google Drive. Na majina ya mafaili badilisha, jaji akipokea mafaili mia mbili yote yanaitwa IMG_0047 atajuaje lako? Andika jinalako_jinalakazi_mwaka. Kisha uwe na orodha pembeni, kila kazi na jina lake, mwaka, umetumia nini juu ya nini, na vipimo kwa sentimita, urefu wa kwenda juu unatangulia ndio upana unafuata, ukigeuza watakutengea ukuta usio wako.

Maelezo ya msanii. Hili watu wanaliogopa kweli, na wengi wanaishia kuandika "mimi ni msanii ninayependa sanaa tangu utoto wangu na ndoto yangu ni kufika mbali". Kila mtu ameandika hivyo. Andika unachofanya kwa mikono na kwa nini, kwa mfano: "Nachora mnada wa samaki wa Bagamoyo asubuhi, wakati madau yanaingia na kina mama wanapanga ndoo. Natumia rangi ya mafuta juu ya hadibodi kwa sababu inanilazimisha niamue mstari mara moja." Sentensi mbili tatu tu na tayari mtu aliyeko mbali anakuona. Andika kwanza kwa Kiswahili vile unavyoongea, mwambie mtu arekodi sauti yako ukielezea mchoro halafu muiandike, Kiingereza kitafuata kwa mtu anayekijua vizuri, ila umkague asije akakuwekea maneno makubwa ambayo kesho ukiulizwa huyawezi.

Na kwa wachoraji wa tingatinga nina neno la upendo. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huu Dar mwaka 1968 na akafariki 1972, miaka kama minne tu, na ameacha kitu dunia nzima inakijua. Alichora vya kwake. Sasa ukipeleka kwenye shindano wale tembo chini ya mbuyu na jua jekundu ambao duka zima la watalii wanao, jaji hawezi kukutofautisha hata kama mkono wako ni mzuri kuliko wote. Tembo wa duka uza, ule, ulipe ada za watoto, hakuna aibu hapo, ila kwa ajili ya mashindano tenga kazi tano au sita ambazo ni wewe peke yako unaweza kuzichora, tumia rangi zile zile na mtindo ule ule lakini uweke magofu ya Kaole, uweke daladala la Makumbusho limejaa, uweke chochote ulichokiona kwa macho yako.

Makaratasi sitakaa sana. Kitambulisho cha NIDA, usajili wa BASATA (siku hizi unafanyika mtandaoni na malipo yanapita kwa kontroo namba), akaunti ya benki yenye majina yale yale ya kitambulisho, na kama unawinda safari za nje basi pasipoti iwepo kabla, shilingi 150,000, usisubiri barua ya mwaliko ndio ukimbilie uhamiaji. Skani vyote viwe PDF kwenye simu na kwenye Drive. Wasifu ukurasa mmoja, mbili mwisho, maonyesho uliyoshiriki yanaanza la karibuni. Huna maonyesho? Andika uliposomea au fundi aliyekufundisha, ukuta uliochora wa shule, kazi ya hoteli, vyote hivyo ni kazi.

Halafu saa. Matangazo ya nje yanaandika mwisho 23:59 GMT, sisi tupo masaa matatu mbele, kwa hiyo kama mwisho ni Machi 31 kwako inafunga usiku wa kuamkia Aprili 1, saa nane na dakika 59 za usiku. Wakiandika 12:00 GMT mchana, kwetu hiyo ni saa tisa alasiri, sio saa sita! Ulaya ya kati wako nyuma yetu masaa mawili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto lao. Mimi ushauri wangu usihesabu hata hizo saa, tuma siku tatu kabla, maana siku ya mwisho fomu zinagoma watu wote wakiingia pamoja, na hapa kwetu mvua ikinyesha umeme na mtandao vinaondoka.

Masharti yasome hasa kwenye mashindano ya kubuni, nembo, tisheti, kanga, bango. Kuna yanayosema kazi zote zitakazotumwa zinakuwa mali ya mwandaaji, zote sio ya mshindi tu. Maana yake watu mia tatu wanampa mtu michoro bure na analipa mmoja. Hakimiliki ya mchoro ni yako tangu ulipouchora, sheria yetu ya 1999 inakulinda, na ukisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) unapata ushahidi wa kushika mkononi. Kuruhusu wakuchapishe kwenye katalogi na matangazo yao ni sawa, kuwaachia waifanye biashara milele bila kukulipa hapana, achana nalo shindano hilo. Pia angalia kiingilio. Wapo waandaaji halali wanaotoza kiasi kidogo, lakini jiulize nani anaandaa, majaji ni kina nani, washindi wa mwaka jana wako wapi na walipewa kweli? Kama hayo hayapo na unaambiwa utume hela kwenye namba ya mtu binafsi, au unapata ujumbe umeshinda kitu ambacho hukuomba na ulipie kwanza gharama za cheti, huo ni utapeli. Na maonyesho yanayouza uliza asilimia yao kabla, magalari mengi huchukua 30 mpaka 50, kwa hiyo bei yako iwe imeshahesabu hilo, usipandishe baadae.

Ukichaguliwa kazi inatakiwa isafiri. Uliza mapema nani analipia usafiri wa kwenda na kurudi, wengine wanalipa kwenda tu. Makampuni ya kusafirisha haraka hayatazami kilo peke yake, yanatazama na nafasi, wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita halafu wanagawa kwa 5000. Boksi la bapa la 100 kwa 70 kwa 10 linahesabiwa kilo 14 hata kama ndani kuna mchoro wa kilo nne. Mchoro huo huo ukiwa kwenye kitambaa, ukauviringisha ndani ya bomba na boksi lake likawa 110 kwa 15 kwa 15, inakuja kilo tano kasoro. Kwa hiyo kazi za mashindano ya nje chora kwenye kitambaa, hadibodi haikunjiki. Unapoviringisha upande wenye rangi uwe nje, rangi iwe imekauka wiki kadhaa sio siku mbili, katikati weka karatasi laini isiyonata, na bomba liwe nene ili mviringo usibane. Vinyago vya mpingo tumia mti uliokauka muda mrefu, mti mbichi ukitoka kwenye unyevu wa pwani ukaingia chumba chenye hita unapasuka, utapokea picha ya kinyago chako kina ufa.

Majibu yakija hapana, waandikie barua fupi ya kushukuru na uulize kama wana maoni, wengine hawajibu, wengine wanajibu kwa kirefu na jina lako linabaki kwao. Faili usilifute. Kila baada ya miezi mitatu hivi ongeza kazi mpya mbili, toa za zamani mbili, badilisha namba ya simu kama umehama laini. Na kama mko wasanii watatu wanne mtaa mmoja, Magomeni au Dunda au popote, tafuteni siku moja mpige picha za kazi za kila mtu kwa pamoja, mmoja ashike shuka, mwingine apige, mwenye Kiingereza awaandikie wenzake, mwenye laptopu awapandishie. Anzeni mwezi wa sita, maana ile pitapita ya kwenda TaSUBa kuulizia nafasi za tamasha mnaweza kwenda siku hiyo hiyo.