Kabla ya kuchukua bunduki ya mtutu mfupi, ingia kibandani na futi ya kupimia

Shemeji yangu alinicheka alipokuta fomu za kusajili bunduki fupi zimetapakaa mezani. "Karatasi zote hizi kwa ajili ya inchi saba?" Sikumjibu. Nilimwambia tungeongea siku tukiwa wawili kibandani.

Tunawinda nguruwe mwitu hapa Texas, usiku, kwenye kibanda cha mbao ambacho watu wawili wakikaa magoti yanagusana. Mwanzoni nilikuwa na bunduki ya mtutu wa inchi 16, na mbele yake nimefunga kiwambo cha sauti, yaani bomba la kupunguza kishindo, cha inchi 7. Chuma cha inchi 23 hicho. Usiku mmoja kundi lilitokea upande wa kulia wakati mimi nimeelekea kushoto. Nikageuka taratibu, na ncha ya kiwambo ikagonga fremu ya dirisha: ngo! Nilichobaki nacho ni vumbi tu.

Kwa hiyo kabla ya kutazama picha za bunduki, chukua futi, ingia mahali utakapoitumia, uone kama unageuka. Mtutu wangu wa sasa ni wa inchi 9. Ukijumlisha kiwambo cha 7 unapata 16, yaani urefu uleule wa mtutu wa kawaida usio na kitu mbele. Wengi ninaowajua huku walioingia kwenye SBR (short-barreled rifle), kama bunduki hizi fupi zinavyoitwa, waliingia kwa hesabu hiyo. Wengine hushuka na kupanda gari shambani siku nzima, wengine wana mikono mifupi kama mke wangu na bunduki ndefu inawaelemea mbele.

Kama hutumii kiwambo, ushauri wangu ni uachane na SBR. Mtutu ukiwa mfupi, baruti nyingi humalizia kuungua nje, na utalipwa kwa mwali na kishindo cha kutetemesha meno. Hata chenye kiwambo hakinyamazi kama kwenye sinema. Vaa vizibo vya masikio.

Jambo la pili ni risasi, na hapa ndipo watu hupoteza hela. Risasi ya 5.56, aina ya kawaida, hutegemea mwendo. Ukitoka mtutu wa inchi 20 hadi wa 10, unapoteza zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kwa shabaha za karibu utavumilia. Kwa mbali, hapana. Mimi nilichagua risasi ya 300 Blackout, ambayo ilibuniwa kwa mitutu mifupi: baruti yake huungua karibu yote ndani ya inchi 9 hivi. Ina pia risasi nzito za mwendo mdogo kuliko sauti, tulivu sana kwenye kiwambo, ila hushuka haraka. Mimi kwa nguruwe siipigi ya aina hiyo ng'ambo ya hatua 50.

Sasa sheria, na hapa usibahatishe. Sheria ya shirikisho ya 1934 inahesabu bunduki ya begani kuwa fupi ikiwa mtutu haufiki inchi 16, au urefu wote haufiki inchi 26. Kuwa nayo bila usajili ni kosa la hadi miaka 10 jela. Chanzo chake kinachekesha kidogo: rasimu ya kwanza ililenga bastola pia, na bunduki fupi ziliwekwa ili mtu asikate ndefu akaifanya bastola. Bastola zikaondolewa, fupi zikabaki. Kodi ilikuwa dola 200 tangu mwaka huo. Kuanzia Januari 1, 2026 ni sifuri kwa aina hii. Usajili haukuondoka.

Angalia kwanza jimbo lako. California, New York na New Jersey, mwananchi wa kawaida asijisumbue. Kwingine, Fomu 4 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ni ya kununua iliyokwisha kuwa fupi, Fomu 1 ni ya kutengeneza yako. Zote zinadai picha na alama za vidole. Ya Fomu 1 ikipita, jina lako na mji vinachongwa kwenye chuma. Usinunue mtutu mfupi ukauweka kabatini pembeni ya bunduki yako moja ukisubiri jibu. Vipande peke yake vinaweza kukutia matatani.

Kama mkeo au kijana wako ataishika ukiwa haupo, sajili kwa amana ya familia (trust), kila mhusika atoe alama zake. Nami nilijifunza kwa kuchelewa safari: kuvuka mpaka wa jimbo na SBR kunahitaji kibali cha ATF mapema, Fomu 5320.20. Kiwambo chenyewe hakihitaji.

Shemeji alikuja kibandani mwezi uliofuata. Aligonga dirisha na bunduki yake ndefu mara mbili kabla ya saa nne.