Ukienda kusoma MBA Marekani, jua mlango wa kugonga

Kabla hujalipa amana ya kushika nafasi yako kwenye programu ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara) Marekani, tafuta Mwafrika anayesoma pale mwaka wa pili umpigie simu. Usimuulize kama chuo ni kizuri, maana atakuambia ni kizuri. Muulize alipokwama katikati ya muhula alikwenda ofisi gani na walimjibu baada ya muda gani. Muulize darasani kwao wapo Waafrika wangapi, na wangapi kati yao walipata kazi ya mafunzo ya kiangazi. Majibu hayo yana uzito kuliko maneno yoyote ya chuo kuhusu ujumuishi, yaani kuwapokea watu wa asili zote.

Nasisitiza hili kwa sababu mambo yamebadilika. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kwamba rangi ya mwombaji isiwe kigezo cha kumdahili. Haikukataza mwombaji kueleza kwenye insha yake jinsi asili yake ilivyomjenga, kwa hiyo eleza. Texas nayo ilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2024, ya kuziondoa ofisi za ujumuishi katika vyuo vikuu vya umma. Kwingine ofisi hizo zimebadilishwa majina au zimeunganishwa na huduma za wanafunzi. Ukikosa jina ulilolisikia kwa waliokutangulia, uliza nani sasa anafanya kazi ile.

Upande wa pesa, kwanza jua uko kundi gani. Ndugu zetu wengi wamefika kwa bahati nasibu ya green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), na Wakongomani wengi kwa njia ya ukimbizi. Kama una uraia au green card, angalia Consortium for Graduate Study in Management, muungano wa shule za biashara ulioanza 1966, ambao hutoa ufadhili wa ada nzima. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi kutoka nje, mlango huo haumhusu. Yeye aangalie ufadhili wa kila shule, kama ule wa Stanford kwa raia wa nchi za Afrika, wenye sharti la kurudi kufanya kazi barani. Kuna pia wakopeshaji kama Prodigy Finance na MPOWER ambao hawadai mdhamini wa Kimarekani, lakini piga hesabu ya riba kwa miaka yote ya mkopo kabla hujatia saini.

Darasani ndipo wengi wetu tunapopoteza maksi. Shule nyingi hufundisha kwa visa vya makampuni halisi, na kuchangia hoja kuna maksi zake. Harvard, ambako darasa moja lina wanafunzi karibu 90, mchango ni sehemu kubwa ya alama. Sisi tumelelewa kumsikiliza mwalimu hadi amalize, na mkubwa akizungumza hatumkatizi. Kule ukikaa kimya wanachukulia kwamba hujajiandaa. Ingia na hoja moja uliyoiandaa: chukua namba moja kwenye kisa, tuseme gharama ya kusafirisha mzigo, andika pembeni inaathiri vipi faida, kisha nyoosha mkono mapema, kabla mwingine hajaisema. Kisa kikihusu malipo kwa simu, wewe unajua wakala akiishiwa float inakuwaje, na mteja anafanya nini. Sema. Lakini usikubali kufanywa msemaji wa bara zima. Ukiulizwa Waafrika wanaonaje, jibu kuhusu Mwanza au Eldoret unayoijua.

Kwenye kazi za vikundi, angalia usije ukawa wa kupanga slaidi kila mara huku wengine wakisimama kuwasilisha. Omba majukumu yagawanywe kwenye kikao cha kwanza, na yaandikwe.

Jiunge na klabu ya Afrika na pia chama cha wanafunzi Weusi. Ya kwanza itakupa watu wa nyumbani na makongamano kama Wharton Africa Business Forum. Ya pili itakufikisha kwa Wamarekani Weusi walio ndani ya makampuni, na kwenye maonyesho ya ajira ya National Black MBA Association, iliyoanzishwa 1970. Baadhi yetu hujitenga nao, na hilo linaniuma, kwani wao ndio waliopigania sheria zinazotulinda leo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa rangi au nchi alikotoka, hata kama ana viza ya muda. Ubaguzi ukikupata, andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, kisha peleka kwa barua pepe kwa mkuu wa wanafunzi.

Ukiwa na ulemavu, ugonjwa wa kudumu au sonona, unayo haki ya kuomba muda wa ziada wa mtihani na nafuu nyingine. Omba mwanzoni mwa muhula, maana nafuu hairekebishi mtihani uliopita. Ofisi husika haimwambii mwalimu unaumwa nini.

Kwa mwenye F-1, kazi ya kiangazi nje ya chuo inahitaji idhini iandikwe kwenye I-20, hati ya chuo inayoonyesha wewe ni mwanafunzi wake, kabla hujaanza, si baada. Ukimaliza masomo, OPT, kibali cha kufanya kazi ya fani uliyosomea, ni miezi 12, na programu yako ikihesabiwa kuwa ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) unaweza kuomba 24 zaidi. Uliza hilo kabla ya kuchagua chuo. Katika ile miezi 12, siku za kukaa bila kazi zisizidi 90.

Na mwenza wako je? Mwenye F-2, viza ya mwenza wa mwanafunzi wa F-1, haruhusiwi kufanya kazi, na kusoma kwake kusiwe kwa muda wote. Mwenye J-2, viza ya mwenza wa aliyekuja kwa programu ya kubadilishana (J-1), anaweza kuomba kibali cha kazi. Shule nyingi zina klabu ya wenza. Mwandikishe kabla hamjapanda ndege, maana wewe utakuwa darasani na vikundini mchana kutwa, na yeye atabaki kwenye nyumba asiyojua hata basi linasimama wapi.