Flashi ya mteja: alama kwanza, kupakia baadaye

Duka langu la steshenari lipo Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu. Kazi ni zile zile: kuchapa, kutoa kopi, kujazia vijana maombi ya mkopo wa chuo. Siku ikichangamka nachomekewa flashi hata ishirini, na kila moja imeshatembea kwenye kompyuta za watu nisiowajua. Nitaeleza ninavyolikagua faili linalonitia shaka, na kosa nililowahi kulifanya mwenyewe.

Anza na macho. Windows ina tabia ya kuficha herufi za mwisho za jina la faili, hivyo "Barua ya kazi.pdf.exe" wewe utaiona "Barua ya kazi.pdf", tena imechorewa kialama cha PDF. Fungua dirisha la mafaili, nenda "View", halafu "Show" kama una Windows 11, uweke tiki kwenye "File name extensions". Barua haiishii na .exe, .scr, .vbs wala .js. Ikiishia hivyo, hiyo ni programu iliyojivika kanzu ya barua.

Ukikuta folda zote zimeota kamshale pembeni, hapo umekutana na kirusi cha shortcut, kile tunachokijua wote wenye maduka haya. Kinaficha folda halisi na kuweka njia za mkato zinazokiamsha chenyewe kwanza. Usihangaike kukagua hizo shortcut, mkosaji ni faili lililojificha. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (weka herufi ya flashi yako badala ya E), na vyote vitatokeza: vya mteja pamoja na huyo mgeni.

Sasa kosa langu. Nilipoijua VirusTotal nilifurahi kupita kiasi. Tovuti hiyo ilianzia Málaga, Hispania, mwaka 2004, na Google wakainunua mwaka 2012. Unaipa faili moja, linapitishwa kwenye antivairasi zipatazo 70 kwa mpigo, bure. Basi nikawa napakia kila kitu. Siku moja mzee mmoja akaleta mkataba wa kuuza kiwanja, antivairasi ya dukani ikapiga kelele, nikaupakia mkataba mzima. Majibu yakaja safi, nikajiona fundi. Usiku ndipo nikasoma masharti yao: kinachopakiwa pale hugawiwa kampuni za usalama wa kompyuta, na wateja wao wanaolipia wanaweza kukipakua. Mkataba ule ulikuwa na majina, namba za NIDA, sahihi na bei. Kesho yake nikampigia.

"Shikamoo mzee. Kuna jambo nimekosea."

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mwanangu, huko nje wanaweza kujua bei niliyouza kiwanja?"

"Wanaweza, mzee."

"Basi waambie kipo kingine pembeni yake."

Alinisamehe kwa kucheka, lakini toka siku hiyo sipakii karatasi ya mtu. Natafuta alama ya kidole kwanza. Kila faili lina alama yake, inaitwa SHA-256, mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, alama inageuka yote. Kwenye cmd andika certutil -hashfile, acha nafasi, kisha likokote faili kwa mausi ulidondoshe ndani ya dirisha jeusi. Njia yake itajiandika yenyewe. Acha nafasi tena, andika SHA256, bonyeza Enter. Hujalifungua faili, na hujatumia hata senti ya bando, maana hesabu inafanyika humo humo kwenye mashine.

Nakili ile alama, nenda virustotal.com, ibandike kwenye sehemu ya "Search". Kama kuna mtu popote duniani aliwahi kulipakia faili hilohilo, utaona majibu yake papo hapo. Faili lenyewe halijatoka dukani, ni alama tu iliyosafiri. Virusi vingi vya flashi ni vikongwe, hivyo mara nyingi alama inatosha.

Isipopatikana, maana yake ni kwamba faili halijulikani, si kwamba ni salama. Hapo najiuliza: kuna siri ya mtu ndani? Kama ni programu tu, napakia. Ukomo wa tovuti ni MB 650, ila bando lako litakuwa limekwisha zamani. Kama ni CV, mshahara au mkataba, sipakii. Namwomba mteja aombe nakala ya PDF kwa aliyemtumia, au faili la Word nalifungua kwa simu, kwa sababu makro za Word, yaani amri zilizofichwa ndani ya faili, hazifanyi kazi huko.

Kusoma majibu kunataka utulivu. Antivairasi 45 kati ya 70 zikikubaliana, futa, usibishane. Zikiwa moja au mbili, tena ndogo, na jina walilolipa lina maneno kama "Generic" au "Heuristic", huenda ni kubahatisha. Programu ndogo za mafundi husingiziwa sana. Nenda "Details" uangalie faili lilionekana lini mara ya kwanza. Sifuri, yaani hakuna antivairasi iliyolalamika, kwa faili linalojulikana tangu miaka mitano iliyopita inanipa usingizi. Sifuri kwa faili la jana hainipi. Na zip iliyofungwa kwa nywila inaweza kupata sifuri kwa sababu tu hakuna aliyeona ndani. Ukitaka maoni ya pili kuna tovuti za Jotti na MetaDefender. Hybrid Analysis wao huliendesha faili kwenye kompyuta ya majaribio na kukuonyesha lilichofanya, lakini nako usipeleke siri za watu.

APK, yaani mafaili ya kusakinisha programu za simu za Android, za kutumiwa WhatsApp, hasa zile za mikopo ya haraka, hizo pakia bila wasiwasi, hazina siri yako. Ila usiishie kwenye idadi ya antivairasi. Kwenye "Details" kuna orodha ya ruhusa inazodai. Programu ya mkopo inayotaka kusoma SMS na majina yote ya simu yako inaweza kupata sifuri, kisha ukichelewa kulipa ikamtumia ujumbe mama mkwe wako. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni. Itafute jina lake humo pia.

Ukitaka kujizoeza bila hatari, pakua faili la majaribio la EICAR kutoka eicar.org. Ni maandishi ya herufi 68 tu, hayadhuru chochote, ila antivairasi zimekubaliana kuyapigia kelele kama kirusi. Mashine yako ikikaa kimya, ujue antivairasi yako imelala. Iamshe hiyo kabla ya kupokea flashi nyingine.